Maisha ya Mwana Kupona binti Mshamu, Mama wa Siyu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo: katika kurasa hizi tumezoea kusimulia maisha ya wanazuoni, makadhi na mashujaa. Mara hii twapenda kusimulia maisha ya mama wa nyumbani, ambaye hakuhukumu baina ya watu, wala hakushika upanga, wala hakupanda mimbari, na juu ya hayo jina lake lajulikana na kila Mswahili aliyesoma. Naye ni Mwana Kupona binti Mshamu.

Sababu ya kumchagua yeye ni hii. Watu wa pwani leo hawako pwani peke yake. Vijana wetu wametawanyika bara kwa kazi na biashara, na binti zetu wamewafuata waume zao. Wako walioko Kericho na Bomet, nchi ya majani ya chai, zaidi ya kilomita 700 kutoka Mombasa. Nchi ile iko juu sana, mji wa Kericho ukiwa kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari. Mvua hunyesha alasiri nyingi za mwaka, na baridi yake mtu wa Lamu au Mombasa haizoei upesi. Tangu miaka ya 1920, makampuni ya Kiingereza yalipoanza kulima chai huko, vilima vimekuwa kijani kitupu, na majani huchumwa mwaka mzima bila ya msimu wa kupumzika.

Mume atoka asubuhi kwenda kiwandani, afisini au dukani. Mke abaki na watoto wadogo: mmoja mgongoni, wa pili ameshika pindo la kanga, wa tatu auliza maswali yasiyo na mwisho. Nguo za mtoto zafuliwa, wala hazikauki kwa mvua. Uji wapikwa, wamwagika, wapikwa tena. Mama hana hapo mamake, wala shangazi, wala jirani wa ukuta mmoja wa kumpokea mtoto kwa nusu saa apate kusali kwa utulivu. Jioni mume arudi, aitazama nyumba aione kama alivyoiacha, naye auliza: kutwa umefanya nini? Suala hili laumiza kuliko uchovu wenyewe. Kazi ya mama haionekani ila siku ile isipofanywa. Kwa ajili ya mama huyu, na kwa ajili ya mumewe khasa, twayaandika haya.

Mwana Kupona alizaliwa katika kisiwa cha Pate, kwa hisabu za waandishi yapata mwaka 1810. Pate ya wakati ule haikuwa tena dola yenye nguvu kama zamani, lakini elimu haikuwa imeondoka. Katika kisiwa hicho, na khasa katika mji wa Siyu, watu walijulikana kwa kusoma na kunakili vitabu. Misahafu iliyoandikwa kwa mkono Siyu ilisifika pwani nzima kwa uzuri wa khati yake na nakshi zake. Katika nchi ya namna hii haikuwa ajabu mtoto wa kike wa nyumba njema kufundishwa Kurani, na baadhi yao kuongezewa kuandika na kutunga. Mwana Kupona alipata fungu lake katika elimu hiyo, na hilo ndilo lililofanya leo tuwe na la kusimulia juu yake.

Aliolewa na Muhammad Is'haka bin Mbarak wa ukoo wa Famau, maarufu kwa jina la Bwana Mataka, aliyekuwa sheikh na mtawala wa Siyu. Bwana huyu hakuwa mtu wa maisha ya raha. Kwa miaka mingi alikataa kuwa chini ya Sayyid Said bin Sultan wa Zanzibar. Majeshi ya Sayyid Said yalivuka bahari yakaja Pate zaidi ya mara moja, na katika miaka ya 1840 yalishindwa vibaya mbele ya watu wa Siyu, hata jemadari wao, Amir Hamad, akauawa. Katika vitabu vya tarikhi, khabari za nyumba ile ni hizi: vita, mapatano, mapatano kuvunjwa, na vita tena.

Lakini upande wa ndani wa nyumba hiyo tarikhi haikuandika chochote, na hapo ndipo penye maisha ya Mwana Kupona. Alizaa na Bwana Mataka watoto wawili, wa kike, Mwana Hashima, na wa kiume, Muhammad. Mwana Hashima alizaliwa yapata mwaka 1841, maana yake ni kwamba miaka ile majahazi ya vita yalipokuwa yakionekana baharini, yeye alikuwa mtoto mchanga wa kubebwa. Msomaji na afikiri kidogo. Wanaume walikuwa kwenye ngome na mitepe, na khabari zao zimehifadhiwa. Ndani mlikuwa na mama mwenye mtoto mdogo, na mtoto mdogo hajui vita. Ajua njaa, usingizi na homa. Usiku hulia vita viwepo au visiwepo, na wa kuamka ni mama.

Si lazima tuseme kwamba Mwana Kupona alifanya kazi zote hizo kwa mikono yake peke yake. Alikuwa mke wa mtawala, na nyumba za watu wa cheo chake zilikuwa na watumwa. Utendi wake mwenyewe wawataja. Jambo hili yafaa likumbukwe, nasi tutalirudia mbele, kwani wako watu wanaolisahau kwa makusudi.

Katika mwaka 1856 Bwana Mataka alifariki dunia. Mwaka huo huo alifariki na hasimu wake Sayyid Said, naye yuko baharini akirudi kutoka Maskati. Wakubwa wawili walioshindana miaka mingi wakaondoka pamoja. Mwana Kupona akabaki mjane, na watoto wake mayatima, na mji wa Siyu hauna amani. Kisha maradhi yakamshika. Yeye mwenyewe aeleza kwamba yalimlaza mwaka mzima, na kwamba katika muda huo hakupata wasaa wa kumpa binti yake nasaha aliyotaka kumpa. Imepokewa kwamba maradhi hayo yalikuwa ya kutokwa na damu, katika maradhi ya uzazi yanayowapata wanawake.

Mtu aliyemo katika hali hiyo aweza kufanya mambo mengi. Aweza kulia, aweza kulaumu, aweza kugawa mapambo yake akanyamaza. Mwana Kupona alimwita binti yake, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na saba hivi, akamwambia asogee karibu naye, aje na wino na karatasi. Kisha akamtungia utendi. Ulikuwa mwaka wa Hijra 1275, unaoangukia 1858 kwa hisabu ya Kizungu, na beti zake zapita mia moja. Huu ndio Utendi wa Mwana Kupona.

Wengi wausikiao utendi huu hufikiri kwamba wote ni juu ya mke na mume. Sivyo. Jambo la kwanza analomwagiza binti yake ni kushikamana na dini, asiache faradhi, na sunna azifuate kwa kadiri ya uwezo. La pili ni adabu na ulimi mwema. Kisha ni ukweli, mpaka watu wamwamini. Amwagiza awapokee watu kwa uso mkunjufu, na mwenye haja akija mlangoni asimdharau, bali amtendee liwezekanalo. Amweleza kwamba mwanadamu yahitaji awe na radhi tano ili apate raha ya dunia na akhera: radhi ya Mungu, ya Mtume wake, ya baba, ya mama, na ya tano ya mume. Hapo ndipo aingiapo katika khabari za mume kwa urefu: kumtumikia, kutomsumbua usingizini, kumpepea, kuiweka nyumba safi, kujipamba na kujitia manukato. Asimulia pia jinsi yeye na Bwana Mataka walivyoishi kwa furaha na heshima, na jinsi bwana huyo alivyokufa hali yuko radhi naye. Mwisho wote ni dua: ajiombea nafsi yake, na awakabidhi watoto wake kwa Mola wao, kwani alijua kwamba huenda wakabaki peke yao.

Katika utendi huo mna neno moja dogo ambalo kila mama wa watoto wachanga hulifahamu mara moja. Alipotaka kumweleza binti yake namna ya kumtunza mume, alimwambia amtunze kama mtoto mdogo asiyejua kusema bado. Hakuchukua mfano wa mfalme na mtumishi wake. Alichukua mfano wa kitanda cha mtoto. Mtoto asiyesema hana njia ya kuomba. Mama hutazama uso, husikiliza pumzi, hujua kabla ya kuambiwa. Mwana Kupona alijua ya kwamba huo ndio uangalizi mkubwa kuliko wote, na kwamba shule ya uangalizi huo ni nyumba yenye watoto. Mtu asiyepitia hapo hasemi maneno kama hayo.

Tena yako mengine ya kutazama. Mwana Kupona hakuweka katika utendi wake mlango maalumu wa kulea watoto. Hakusema watoto wafundishwe vipi, wala waonyweje, wala waadhibiweje. Kwa nini? Kwa sababu utendi wenyewe ndio malezi. Mama amekaa na mwanawe, mwanawe ana kalamu mkononi, na neno lapita kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Mtoto aliyefika umri ule akaweza kuitwa aje na wino na karatasi hakufika hapo kwa siku moja. Nyuma yake mlikuwa na miaka ya kushikwa mkono, kusahihishwa herufi, kutamkishwa sura fupi, kuulizwa na kujibiwa. Hiyo ndiyo kazi ya kutwa ambayo mume wa Kericho akirudi jioni haioni. Haionekani leo, huonekana baada ya miaka kumi na saba.

Yapasa sasa tuseme jambo ambalo baadhi ya watu hawatalipenda. Utendi huu umetumiwa na wanaume wengi kuwanyamazisha wake zao. Mtu hakumbuki katika beti zaidi ya mia ila zile za kupepewa na kukandwa. Nasi twasema: kwanza, mtu huyo na asome utendi tangu mwanzo, ataona kwamba dini, ukweli na kumsaidia mhitaji vimetangulia. Pili, na akumbuke yale tuliyosema juu ya watumwa. Mke wa Siyu aliyeambiwa ajipambe, afukize udi na amkande mumewe, kuni na maji na mawe ya kusagia vilikuwa mikononi mwa wengine. Utumwa ulifutwa na serikali Zanzibar katika mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na kufutwa kwake ni kheri ambayo kila Muislamu mwenye insafu huifurahia. Lakini kazi za nyumba hazikufutwa pamoja nao. Zilihamia mikononi mwa mke. Basi mwenye kutaka mkewe aliye peke yake Bomet, na watoto watatu chini ya miaka sita, afanye kazi za mtumishi na papo hapo awe na mapambo ya bibi wa nyumba ya mtawala, ataka mikono minne kwa mtu mwenye miwili.

Na dini haikuamrisha hivyo. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Bibi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, naye akaeleza kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Imepokewa kadhalika kwamba Bibi Fatima alikwenda kwa babake kulalamikia mikono yake iliyoumia kwa kusaga, akitaka mtumishi. Mtume hakumkemea kwa kulalamika, wala hakumwambia kwamba kazi yake si kazi. Alikwenda mwenyewe nyumbani kwake usiku, akaketi naye na mumewe, akawafundisha tasbihi ya kuisema wanapolala iwatie nguvu. Ikiwa mikono ya Bibi Fatima ilichoka na uchovu wake ukasikilizwa, ni nani mume wa leo hata asiusikilize uchovu wa mkewe?

Jambo la tatu ni kubwa zaidi. Wale wanaoutumia utendi huu kumzuia mtoto wa kike asisome wamechukua hoja inayowageukia wenyewe. Lau Mwana Kupona asingalifundishwa, kusingalikuwa na utendi. Lau binti yake asingaliijua karatasi, nasaha ya mama mgonjwa ingalizikwa naye. Pwani yetu ilipita wakati mrefu ambapo wazee waliogopa kumfundisha mwanamke kuandika, wakidhani kalamu itamharibu. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alipolipigania jambo la kusomeshwa wasichana katika magazeti yake, Sahifa ya mwaka 1930 na Al-Islah ya mwaka 1932, wako waliomwona kwamba aleta jambo geni. Halikuwa geni. Lilikuwa limekwisha tendeka katika nyumba ya Siyu miaka zaidi ya sabini nyuma, na mwenye kulitenda ni mama mcha Mungu, mke wa sheikh.

Mwana Kupona hakuishi sana baada ya utendi wake. Alifariki baina ya mwaka 1860 na 1865. Maradhi kama yale yake mara nyingi yana dawa leo, na twachukua nafasi hii kuwaambia waume na mama wakwe: mwanamke anapotokwa na damu isiyokuwa ya kawaida, au anapodhoofika baada ya kuzaa, apelekwe hospitali mapema. Kumficha ndani kwa kuona haya si stara, ni kuihatarisha nafsi ambayo Mwenyezi Mungu ameitukuza. Watoto wadogo hawana badala ya mama.

Katika mwaka 1863 Sayyid Majid bin Said, aliyemrithi babake Zanzibar, aliushinda mji wa Siyu, na yale ambayo Bwana Mataka aliyapigania maisha yake yote yakaondoka. Ngome ya Siyu ingali imesimama karibu na maji, nao waendao kuitazama ni wachache. Lakini utendi wa mjane wake haukushindwa na mtu. Ulinakiliwa kwa mkono kutoka nyumba hadi nyumba, wanawake wakausoma na kuuhifadhi, kama mwenyewe alivyotamani wausome. Katika mwaka 1917 Bibi Alice Werner aliupiga chapa kwa herufi za Kizungu, na mwaka 1934 yeye na William Hichens wakautoa tena kuwa kitabu. Tangu hapo umesomwa katika shule na vyuo vikuu vya nchi nyingi. Tazama, basi: kazi ya bwana, aliyoifanya kwa majeshi na majahazi, haikumzidi kwa miaka kumi. Kazi ya bibi, aliyoifanya kitandani kwa wino na karatasi, yaendelea kuishi hata leo.

Hatusemi kwamba kila mama atatunga utendi, wala kwamba wote watakumbukwa. Wengi hawatakumbukwa na watu, na Mwenyezi Mungu hasahau. Twasema tu kwamba thamani ya kazi haipimwi kwa kelele zake. Mama aliyeko Kericho, mvua ikigonga mabati na mtoto akikataa kulala, asidhani ya kuwa ameachwa nyuma na dunia. Amwambiapo mtoto aseme Bismillahi kabla ya kula, amzuiapo asimpige nduguye, amjibupo swali lake la mia moja kwa ukweli badala ya kumfukuza, yuko katika kazi ile ile aliyokuwa nayo Mwana Kupona. Naye leo ana simu mkononi ambayo Mwana Kupona hakuwa nayo. Na amwandikie mamake, na dada zake, na rafiki zake wa mtaani alikotoka, awaambie ukweli wa hali yake, asijifungie na huzuni. Majirani zake Wakipsigis ni watu wenye kupenda watoto na kuheshimu mama. Na awaendee, kwani haki ya jirani katika dini yetu ni kubwa, na mtoto wa jirani ni mwenzi wa mtoto wako.

Ama mume, tunalo neno moja kwake. Arudipo jioni asiulize kutwa imefanywa nini. Na amchukue mtoto mmoja, mama apate kusali magharibi kwa utulivu. Na kila juma apange saa chache za mkewe kusoma, au kuandika, au kwenda darasani ikiwa pana darasa. Na ikiwa amejaliwa binti, basi kalamu ya binti huyo isicheleweshwe. Hajui ni lini mamake atataka kumwita aje na wino na karatasi.

Mwenyezi Mungu amrehemu Mwana Kupona binti Mshamu, alinawirishe kaburi lake, awarehemu mama zetu waliotulea hali tulikuwa hatuwezi kusema, na awatie nguvu mama wote walioko majumbani mwao na watoto wadogo, pwani na bara. Amin.